Mwanga Mshipani: Historia ya Kuisaka Saratani Inayosafiri

Mwaka 1869, mwanamume mmoja alifariki mjini Melbourne, Australia, akiwa na vivimbe vipatavyo 30 vilivyotapakaa chini ya ngozi ya kifua na tumbo. Daktari Thomas Ramsden Ashworth aliichunguza maiti, akachukua damu kidogo na kuitazama kwa hadubini. Katikati ya chembe za kawaida aliona seli kubwa ambazo hazikuwa za damu. Alizilinganisha na seli za vivimbe vyenyewe, akaona zinafanana.

Taarifa yake fupi, iliyochapishwa mwaka huohuo katika jarida la madaktari wa Australia, ilipata thamani kutokana na mahali alipoitoa damu ile. Aliichukua kwenye vena ya mguu usio na ugonjwa, mbali na vivimbe. Akajenga hoja: ikiwa seli hizi zimetoka kwenye saratani, zisingefika mguuni ila kwa kupita sehemu kubwa ya mzunguko wa damu. Na ikiwa zilipita huko, huenda ndiyo sababu mtu mmoja akaota vivimbe mahali pengi.

Hoja ilikuwa nzuri, lakini mwenye damu alikuwa amekwisha kufa. Damu iliyosimama haielezi seli zilianza safari lini, zilikuwa ngapi, zilielekea wapi, wala ngapi zilifika. Kuyajibu hayo kulihitaji damu inayotembea katika mwili ulio hai. Kutoka kioo cha Ashworth hadi huko kumechukua zaidi ya miaka 150, na kwa sehemu kubwa hiyo ni historia ya mwanga: namna ya kuuelekeza, kuupa rangi, kuuhesabu na hatimaye kuusikia. Kila hatua iliondoa shaka moja, kisha ikaleta nyingine ambayo hakuna aliyeitarajia.

Mbegu na udongo

Kwamba saratani huhama ilijulikana kabla ya Ashworth. Joseph Récamier wa Paris alieleza mwaka 1829 jinsi saratani inavyopenya ndani ya vena, na ndiye aliyelipa jambo hilo jina ambalo madaktari hulitumia hadi leo: metastasisi. Ubishi ulikuwa juu ya kinachosafiri. Rudolf Virchow, bingwa wa patholojia wa Ujerumani, alielekea kuamini kwamba uvimbe hutoa majimaji yenye kuchochea tishu za mbali ziugue. Wengine walisema zinazohama ni seli zenyewe. Seli za Ashworth ziliupa nguvu upande huu wa pili, ingawa kwa muda mrefu taarifa yake haikusomwa na wengi.

Mwaka 1889, daktari mpasuaji Stephen Paget wa London alikusanya kumbukumbu za maiti 735 za wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti, ili aone ugonjwa ulihamia wapi. Ingekuwa seli hutua popote damu inapozibwaga, viungo vinavyopata damu nyingi vingeshikwa kwa kiwango kinacholingana. Haikuwa hivyo. Ini lilishikwa mara nyingi, wengu mara chache. Paget akasema kwamba seli ya saratani ni mbegu, na mbegu huota tu pale ilipopata udongo unaoifaa.

Baada ya Paget, kuiona seli kwenye damu hakukutosha tena. Ilibidi kujua pia hatima yake, na hatima ya kitu kinachosafiri hujulikana kwa kukifuata.

Dirisha katika sikio la sungura

Hadubini inahitaji kitu chembamba kinachopitisha mwanga, na mwili wa mnyama si mwembamba. Watafiti wa karne ya 19 walipita pembeni ya kikwazo hicho kwa kuchagua sehemu ambazo Mungu amekwisha kuzifanya nyembamba. Julius Cohnheim alitandaza ulimi wa chura chini ya lenzi akaona seli nyeupe zikijipenyeza kutoka kwenye mishipa. Katika karne ya 20 wengine walijifunza kupandikiza kijumba kidogo cha kioo katika sikio la sungura. Mishipa mipya ilichipua ndani yake, na mtafiti akawa na dirisha.

Kupitia dirisha hilo, mwaka 1958, Sumner Wood wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alichapisha matokeo yaliyowashangaza wenzake. Alidunga seli za saratani katika damu ya sungura, kisha akapiga filamu ya mishipa midogo. Seli zilifika, zikanata kwenye ukuta wa mshipa, damu ikaganda kuzizunguka, halafu zikapenya na kutoka nje. Kwa mara ya kwanza watu walikaa wakatazama jambo ambalo Ashworth alilikisia.

Lakini seli hizo zilidungwa kwa sindano, nyingi kwa mkupuo mmoja. Saratani ya kweli humwaga seli zake chache chache, kwa saa zake yenyewe. Isaiah Fidler aliongeza jambo jingine zito mwaka 1970. Alitia seli za melanoma ya panya alama ya mionzi, akazidunga katika damu, akafuatilia zilikoishia. Baada ya saa 24 karibu zote zilikuwa zimekufa, na zilizofanikiwa kuota uvimbe zilikuwa chini ya 1%. Safari ya damu ni ya hatari kwa msafiri mwenyewe. Nguvu za damu inayosukumwa humchana, seli za kinga humshambulia, naye hana ukuta wa kujishikilia.

Miaka ya kudanganyika

Huku nyuma, madaktari wa hospitalini walikuwa wakitafuta seli hizo kwa wagonjwa. Mwaka 1955 mpasuaji wa Denmark, H. C. Engell, alitangaza kuwa amezikuta katika damu ya watu wengi wenye saratani, hasa damu iliyotoka moja kwa moja kwenye eneo la uvimbe wakati wa upasuaji. Habari ilienea haraka. Maabara nyingi zikaingia kazini, kila moja na njia yake ya kuondoa seli nyekundu, kupaka rangi kilichobaki na kutazama. Taarifa za mafanikio zikafuatana.

Kisha mambo yakaanza kutofautiana. Maabara moja iliziona seli kwa wagonjwa wengi, nyingine kwa wachache. Engell mwenyewe aliporudi kuwaangalia wagonjwa wake miaka kadhaa baadaye, hakuona kwamba waliokutwa na seli walikuwa na hali mbaya kuliko wengine. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, wataalamu walipovipitia upya vioo vya zamani, ilionekana kwamba nyingi ya zile "seli za saratani" zilikuwa seli halali za mwili. Zilizowapoteza zaidi ni seli kubwa za uboho, zile zinazozalisha chembe sahani za kugandisha damu, ambazo mara nyingine hutoka zikaingia kwenye mzunguko. Ni kubwa, zina kiini kikubwa chenye umbo la ajabu, na mtu anayetafuta saratani huiona saratani ndani yake.

Tatizo lilikuwa kwamba hadubini ya kawaida huonyesha umbo, na umbo peke yake halitoshi kumtambua mgeni. Hesabu nayo ilikuwa kali. Mililita moja ya damu ina seli nyekundu zipatazo bilioni 5 na seli nyeupe milioni kadhaa, na katika wingi huo seli ya saratani inaweza kuwa moja, au isiwepo kabisa. Jicho linalokosea mara moja katika milioni litakuwa limeona seli za saratani kwa kila mtu, hata mwenye afya. Kazi hiyo ikapoa kwa miongo mitatu hivi.

Rangi inayomtambua mgeni

Ufumbuzi ulijengwa na watu ambao wengi wao hawakuwa wakizifikiria seli za saratani zilizomo damuni hata kidogo. Mwaka 1852 George Stokes wa Cambridge alikuwa ameeleza kwamba vitu vingine vikimulikwa kwa mwanga wa rangi moja hurudisha mwanga wa rangi nyingine. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake wa Harvard wakaiunganisha rangi ya aina hiyo na kingamwili, yaani protini za kinga ambazo kila moja hunasa kitu kimoja maalumu. Kingamwili ikinasa, rangi hung'aa pale iliponasa. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein wakagundua namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja kwa wingi usio na kikomo, na mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo seli iliweza kutambuliwa kwa protini iliyovaa juu yake.

Upande wa mashine, Louis Kamentsky wa kampuni ya IBM alitengeneza katikati ya miaka ya 1960 chombo cha kupitisha seli mojamoja mbele ya mwanga, akitaka kuzibaini seli za saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 1965 Mack Fulwyler wa maabara ya Los Alamos alionyesha jinsi ya kuzitenganisha seli katika matone madogo, akitumia mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya mashine za kuchapa kwa wino. Leonard Herzenberg na timu yake ya Stanford wakaongeza kingamwili zenye rangi na leza. Matokeo yake ni saitometa, mashine inayopitisha seli maelfu kwa sekunde katika mkondo mwembamba, kila moja ikimulikwa na kuulizwa ni nani.

Mwaka 1998 watafiti wa Texas, akiwemo Jonathan Uhr, pamoja na Leon Terstappen wa kampuni ya Immunicon, waliunganisha hayo yote na sumaku. Seli nyingi za saratani hutoka katika tishu za utando na huvaa protini iitwayo EpCAM, ambayo seli za damu hazina. Chembe ndogo za chuma zikipakwa kingamwili ya protini hiyo hunata kwenye seli za saratani, sumaku huzivuta, na mwanga humalizia kazi. Seli inahesabiwa ikiwa tu ina kiini, inang'aa kwa rangi inayonasa keratini, protini ya tishu hizo za utando, na haing'ai kwa alama ya seli nyeupe. Masharti haya kwa pamoja yangewaokoa watu wa miaka ya 1950, kwa sababu yanawatoa kundini wanaofanana na mgeni.

Chombo kilichotokana na kazi hiyo, CellSearch, kilijaribiwa kwa wagonjwa 177 wenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa. Massimo Cristofanilli na wenzake walitoa matokeo mwaka 2004. Waliokuwa na seli 5 au zaidi katika mililita 7.5 za damu waliishi miezi 10 kwa kadirio la kati, ilhali wale wenye chini ya hapo walivuka miezi 18. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ikakiruhusu kitumike kwa saratani ya matiti, na baadaye ya utumbo mpana na ya tezi dume. Miaka 135 baada ya Ashworth, seli zake zilikuwa kipimo cha hospitali.

Furaha hiyo ilipata mtihani wake. Ikiwa seli nyingi ni dalili mbaya, je, kubadilisha dawa mapema kwa mgonjwa ambaye seli zake hazipungui kutamsaidia? Jaribio lililoitwa S0500 liliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 123 ambao seli zao zilibaki juu baada ya awamu ya kwanza ya kemotherapia. Nusu waliendelea na dawa ileile, nusu walibadilishiwa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2014 hayakuonyesha tofauti ya maana katika muda wa kuishi. Kipimo kilisema kweli kuhusu hali ya mgonjwa, lakini dawa iliyofuata haikuwa bora kuliko iliyotangulia.

Kulikuwa na upungufu mwingine ndani ya kipimo chenyewe. Saratani zinapojiandaa kuhama, baadhi ya seli hupunguza au huivua kabisa EpCAM, zikaipita sumaku bila kuguswa. Zaidi ya hapo, mililita 7.5 ni chini ya sehemu moja ya 600 ya lita 5 za damu ya mtu mzima. Anayepima kwa sindano ni kama mtu anayesimama barabarani dakika moja kisha akataja ni malori mangapi hupita kwa siku. Akitaja sifuri, barabara inaweza kuwa tupu kweli, au alifika wakati ambao hakuna lori lililopita.

Kuondoa sindano

Charles Lin wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, alilikabili tatizo hilo kwa kuigeuza saitometa. Mashine ya kawaida huhitaji mkondo mwembamba ambamo seli hupita moja moja mbele ya leza, na mkondo wa namna hiyo upo tayari katika kila mwili. Mwaka 2004 yeye, Irene Georgakoudi na wenzao walilaza sikio la panya aliyepewa dawa ya usingizi chini ya lenzi, wakaelekeza mwanga mwekundu wa leza uliobanwa ukawa mstari mwembamba uliokatiza ateri. Kila seli iliyotiwa rangi ilipovuka mstari ilitoa mmweko, na kitambuzi kikaandika mmweko huo kama mwiba kwenye mchoro. Hakuna damu iliyotoka. Panya huyohuyo aliweza kupimwa sasa, baada ya saa moja, na kesho yake.

Jambo la kwanza walilolifanya lilikuwa kumjibu Fidler kwa lugha yake. Walidunga seli za saratani ya tezi dume za aina mbalimbali na kutazama zinavyopungua damuni dakika kwa dakika. Zilipungua haraka, lakini si kwa kasi moja. Aina ya seli na aina ya mnyama anayezipokea vilibadilisha mwendo. Hayo yasingeonekana kwa kumtoa panya damu mara kwa mara, maana panya mzima ana mililita 2 hivi tu, na vipimo vichache vingemmaliza.

Rangi ya mwanga haikuchaguliwa kwa kupenda. Himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, hufyonza mwanga wa buluu na wa kijani, lakini mwekundu wa mbali na ule wa infraredi ya karibu huupitisha zaidi. Ukifumba kiganja juu ya tochi, nyama hung'aa nyekundu kwa sababu hiyohiyo. Hata hivyo mwanga ukiingia mwilini hautembei kwa mstari. Hutawanywa na tishu kila upande, na kadiri mshipa ulivyo chini ndivyo picha inavyofifia. Sikio la panya lilifaa kwa kuwa mishipa yake iko juu na ni midogo, ila udogo huo ulimaanisha pia damu kidogo kupita kwa dakika. Mwenye kutafuta seli adimu anahitaji mshipa mkubwa, nao mara nyingi hukaa ndani.

Mark Niedre wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, aliukubali ukungu. Badala ya kutafuta picha safi, kifaa chake humulika mshipa mkubwa wa mkia au mguu wa panya kwa nyuzi za kioo, kisha husubiri mmweko wowote wa rangi unaorudi umetawanyika. Hapati sura ya seli, anapata habari ya kupita kwake tu. Kwa kuweka vitambuzi viwili vilivyopangwa kando ya mshipa, mmweko uleule huonekana mara mbili, na tofauti ya muda hueleza kasi na upande seli inakoelekea. Kwa njia hiyo damu nyingi huchunguzwa kwa dakika, na seli adimu sana hupatikana.

Ilibaki rangi yenyewe. Panya anaweza kupandikizwa seli zilizotengenezwa ziwe na mng'ao, mtu hawezi. Philip Low wa Chuo Kikuu cha Purdue alikuwa na wazo. Baadhi ya saratani huwa na njaa ya vitamini iitwayo foleti na huvaa vipokezi vingi vya kuinasa. Foleti ikifungwa pamoja na rangi, seli hujipaka yenyewe ikiwa damuni. Mwaka 2007 yeye na wenzake walionyesha jambo hilo katika panya. Mwaka 2021 rangi iliyotokana na wazo hilo iliruhusiwa Marekani ili kuwasaidia wapasuaji kuiona saratani ya ovari wakati wa upasuaji. Hivyo rangi ya kuimulika saratani ndani ya mtu ipo, ingawa ilikuja kwa kazi nyingine.

Mwanga unaosikika

Njia nyingine haikuhitaji rangi wala picha. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell aligundua kwamba mwanga unaokatwakatwa haraka ukikiangukia kitu chenye kuufyonza, kitu hicho hutoa sauti. Hupata joto na kutanuka, hupoa na kusinyaa, na hewa iliyokizunguka hutikisika. Kwa karibu karne nzima jambo hilo halikupata kazi kubwa ya tiba. Faida yake mwilini ni kwamba tishu hutawanya sauti kidogo sana kuliko zinavyotawanya mwanga. Mwanga ukiingia ovyo, sauti hutoka na habari sahihi.

Vladimir Zharov wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Tiba cha Arkansas, mjini Little Rock, aliona kwamba kuna saratani moja inayobeba rangi yake yenyewe. Melanoma huzaliwa katika seli zinazotengeneza melanini, na nyingi za seli zake husafiri nayo. Wapenzi wa muziki wa rege wanaijua saratani hii hata kama hawaijui kwa jina. Mwaka 1977 Bob Marley alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alifariki Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36, ugonjwa ukiwa umefika kwenye ubongo na mapafu. Kati ya kidole na ubongo kulikuwa na seli zilizosafiri bila kuonekana na yeyote.

Kifaa cha Zharov, Cytophone, hutuma mapigo ya leza ya nanomita 1064 kupitia ngozi hadi kwenye vena ya mkono. Seli nyekundu hutoa mvumo wa kudumu kwa sababu ya himoglobini. Ikipita seli yenye melanini, sauti hupanda ghafla. Likipita donge la damu lisilo na himoglobini nyingi, sauti hushuka. Mwaka 2019 timu yake ilitangaza matokeo ya wagonjwa 28 wa melanoma na watu 19 wenye afya. Seli zilisikika kwa wagonjwa 27, kwa baadhi ndani ya sekunde 10, kwa wengine baada ya saa nzima, na hakukuwa na ishara za uongo kwa wenye afya. Kwa kuwa kifaa hukaa juu ya mshipa huku damu ikiendelea kupita, kiliweza kunasa seli moja katika lita moja. Kwa baadhi ya wagonjwa idadi ya seli ilipungua baada ya kumulikwa, jambo lililowapa watafiti tumaini kwamba leza yenyewe huweza kuziua.

Wasomaji wa Afrika watauliza swali la haki: ngozi nyeusi nayo ina melanini, je, haitaumeza mwanga kabla haujafika mshipani? Jibu la kwanza lilitoka Kamerun, na halikuhusu saratani. Kijidudu cha malaria kinapokula himoglobini huacha taka nyeusi iitwayo hemozoini, nayo hufyonza leza na kutoa sauti yake. Mwaka 2024 Zharov, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao wa Kamerun walitoa taarifa ya kukitumia kifaa hicho kwa watu wazima 20 wa Kamerun wenye malaria. Kilikuwa salama, na kiliwabaini wengi wao bila kuwachoma sindano, ingawa usahihi wake bado haujafikia kiwango cha kuachana na hadubini. Urefu wa wimbi uliochaguliwa husaidia, kwa sababu uwezo wa melanini kufyonza hupungua mwanga unapozidi kuelekea infraredi.

Hata hivyo Cytophone ilivyo sasa haitajibu matatizo makubwa ya saratani ya Afrika Mashariki. Saratani za ngozi zinazowaua watu wenye ualbino nchini Tanzania mara nyingi si melanoma, na seli zake hazina melanini ya kupaza sauti. Saratani ya mlango wa kizazi, ya matiti na ya umio nazo zitahitaji rangi ya kuwekewa, na kila rangi ina safari yake ndefu ya kuthibitishwa kuwa salama.

Seli zina saa zao

Ugunduzi ambao huenda ukabadilisha mambo zaidi ulitokana na kutazama kwa muda mrefu tu. Niedre na wenzake walipowaacha panya wenye saratani chini ya kifaa kwa muda, waliona mwaka 2020 kwamba seli hazipiti kwa mwendo mmoja. Idadi ilipanda na kushuka ndani ya dakika chache, na ilitofautiana kati ya saa na saa katika siku moja. Sampuli iliyochukuliwa asubuhi na ile ya jioni zingeweza kutoa majibu mawili kwa mnyama yuleyule.

Mwaka 2022 kundi la Nicola Aceto wa Zurich, Uswisi, lililotumia sindano ya kawaida, lilionyesha kitu kinachofanana kwa binadamu. Walichukua damu ya wanawake 30 wenye saratani ya matiti saa kumi usiku wakiwa wamelala, na tena saa nne asubuhi. Takriban 78% ya seli zilizopatikana zilitoka kwenye damu ya usiku. Na katika panya, seli zilizomwagwa wakati wa kulala zilikuwa hodari zaidi wa kuota vivimbe vipya. Kliniki nyingi hutoa damu mchana. Baadhi ya tofauti zilizowachanganya watu tangu miaka ya 1950 huenda zilitoka kwenye saa ya ukutani.

Sasa mtu anaweza kulifikiria lile jaribio la S0500 upya. Wanawake wale waligawanywa kwa hesabu iliyotoka kwenye mililita chache, kwa saa yoyote kliniki ilipokuwa wazi, kwa kipimo kisichoziona seli zilizovua EpCAM. Hilo halithibitishi kwamba jaribio lilikosea, kwani dawa za kubadilishia zenyewe hazikuwa na nguvu ya ziada. Linaonyesha tu kwamba swali la Ashworth halijapata jibu kamili: seli zinaanza safari lini?

Vifaa vya kuzitazama seli ndani ya mshipa bado ni vya utafiti. Kinachosubiriwa ni jaribio la namna ileile iliyoiumbua hesabu ya sindano. Wagonjwa waliokwisha kupasuliwa na kuonekana wamepona wagawanywe makundi mawili. Kundi moja lifuatiliwe kwa picha na vipimo vya kawaida, jingine limulikwe mshipani mara kwa mara, usiku na mchana, na tiba ianze seli zinaporudi kabla uvimbe haujaota. Ikiwa hao wa pili wataishi muda mrefu zaidi, hospitali zitakuwa na sababu ya kununua leza. Ikiwa wataishi sawasawa na wenzao, mgonjwa atakuwa amepewa habari mbaya mapema bila kupewa chochote cha kuifanyia.